Alama za Bayolojia Zihesabiwe Mwenyewe Akiona



Katika ofisi ya tawi letu yamefika maneno ambayo si ya mishahara wala ya saa za kazi, lakini yatugusa mfukoni kila mwezi. Ni maneno ya vijana wetu walioko vyuoni. Wengi wetu tuna umri wa miaka thelathini na kitu. Watoto wetu wenyewe wangali skuli za chini, lakini twasomesha wadogo zetu na watoto wa dada zetu, na karo yatoka katika mshahara huu huu mnaoujua. Kijana akienda kusomea uuguzi, au kazi ya maabara, au samaki, au kilimo, au ualimu wa sayansi, hana budi kupita somo la bayolojia. Mwisho wa mwaka huja na karatasi yenye herufi. Sisi tuliosomea skuli za misheni tukaishia darasa la nane twaitazama herufi ile, twauliza, "C hii imetoka wapi?" Kijana mwenyewe hajui. Twampigia mwenzetu mwingine simu, na wa kwake pia hajui.

Tukitoka kazini Miritini au Changamwe wengi wetu twapita Marikiti, hii ambayo wazee waliijua kwa jina la Mackinnon, kununua vitu vya nyumbani. Hakuna hata mmoja wetu anayekubali bizari yake ipimwe chini ya meza. Muuzaji huweka jiwe upande mmoja na bizari upande wa pili, nasi twaona. Jiwe lenyewe lazima liwe limepigwa muhuri na watu wa vipimo wa serikali, na asiye na muhuri hushtakiwa. Haya ni kwa robo kilo ya iliki. Mtu anayelipa maelfu ya shilingi kwa muhula mmoja wa chuo, mara nyingi haonyeshwi jiwe, wala mizani, wala mkono uliopima.

Kwanza yafaa tuelezane jinsi alama zinavyofanywa, maana wengi hulalamika bila kujua, na mlalamikaji asiyejua hurudishwa mlangoni na karani.

Katika mtihani wa sekondari, KCSE, ulioanza mwaka 1989, bayolojia ina karatasi tatu. Ya kwanza ina alama 80, ya pili 80, na ya tatu, ile ya kufanya kwa mikono, ina 40. Jumla ni 200. Kisha Baraza la Mitihani hupanga mahali A inapoanzia, na B, na kuendelea. Mipaka hiyo hupangwa baada ya kusahihisha. Haiwi ile ile kila mwaka, wala haiwi sawa kati ya somo na somo. Kwa hiyo kijana aliyezoea KCSE huingia chuoni akidhani kwamba herufi hutoka mbali, mahali asipoweza kufika, na kazi yake ni kungoja tu. Dhana hii ndiyo inayomponza.

Chuoni mambo ni mengine. Katika vyuo vikuu vingi vya Kenya mipaka imeandikwa tangu mwanzo: A ni kuanzia 70, B ni 60 hadi 69, C ni 50 hadi 59, D ni 40 hadi 49, na chini ya 40 mtu ameanguka. Alama mia hizo kwa kawaida zina mafungu mawili. Fungu la 30 ni kazi ya muhula, yaani majaribio ya katikati na karatasi za maabara. Fungu la 70 ni mtihani wa mwisho. Vyuo vingine hugawa kwa njia nyingine, na hata ndani ya chuo kimoja somo lenye kazi nyingi ya maabara laweza kuwa na mgawanyo wake. Mgawanyo huo ndio jambo kubwa kupita yote, na ndio mara nyingi hausemwi.

Tufanye hesabu. Kijana wetu tumwite Juma, maana hesabu za skuli hazikosi Juma. Juma amefanya kazi ya muhula vizuri, akapata 24 katika 30. Mtihani wa mwisho ulimkaba, akapata nusu tu, 35 katika 70. Jumla ni 59. Hiyo ni C, na imekosa B kwa alama moja.

Sasa mchukueni Juma huyo huyo, akili ile ile na bidii ile ile, mumpeleke Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ambako kazi ya muhula hubeba 40 na mtihani 60. Kazi yake ya muhula itakuwa 32, mtihani 30, jumla 62. Kule 60 hadi 69 huitwa B+. Mpandisheni gari hadi Makerere, na tuseme huko pia kazi ya muhula ni 40. Jumla ni ile ile 62, lakini kule A huanzia 80, na 62 ni C. Na akivuka bahari akaingia chuo cha Marekani ambako A huanzia 90 na kila herufi hushuka kwa kumi, 62 ni D. Juma ni mmoja na herufi ni tatu. Basi mtu akisema "kijana wako amepata C" bado hajasema kitu, mpaka aeleze C ya mizani gani.

Si kwamba wenzetu wa Kampala ni wakali au wa Dar ni wapole. Kila mahali pana desturi yake. Hii 70 yetu tumeirithi kwa Waingereza, ambao kwao mwenye 70 huhesabiwa wa daraja la kwanza. Makerere ilifungamana na Chuo Kikuu cha London tangu 1949, na chuo cha Nairobi kikafuata njia hiyo kabla ya kuwa chuo kikuu kamili mwaka 1970. Mitihani ilishirikishwa na London, na karatasi za majibu zilitazamwa na watu wa nje. Kutoka zama hizo tumebaki na desturi moja nzuri: mtahini wa nje, mwalimu wa chuo kingine anayeitwa kuangalia kama maswali na usahihishaji ni wa haki. Twaisifu desturi hiyo. Lakini mtahini wa nje huona karatasi zilizoko mezani. Karatasi iliyopotea haioni.

Kuna upimaji mwingine ambao vijana huusikia na kuutamani, hasa wakisoma habari za Marekani. Huko wahadhiri wengine hawaweki mpaka, hupanga darasa zima kwa mstari, wachache wa mbele wakapewa A hata kama walipata 60, na wa nyuma wakapewa za chini hata kama wanajua kazi. Kwa mtihani uliotungwa vibaya mno njia hii huokoa watu. Hata hivyo sisi watu wa chama hatuipendi. Humfanya mwanafunzi amfiche mwenzake daftari, kwa kuwa mwenzake akipanda yeye hushuka. Tulishaona mabwana kazini wakitupanga hivyo, genge na genge, na matokeo yake mwayajua. Mpaka uwe umeandikwa, na wote wanaoufikia wapite, hata wakiwa darasa zima.

Turudi kwa Juma na alama yake moja, maana hapo ndipo maabara inapoingia.

Bayolojia haijulikani kwa kukariri peke yake. Mtu hupasua, huchora, hupima, hutia dawa. Tena vitu vyenyewe si vya ajabu, vingi viko hapa Marikiti na soko la samaki: kiazi kinachotiwa iodini kikageuka buluu iliyokaribia weusi, kwa sababu kina wanga, ini la ng'ombe linalotoa povu likitiwa haidrojeni peroksaidi, limau la kupimia vitamini C, kamba wa kuhesabu miguu. Kijana akimchora kamba huyo, mchoro una sheria. Penseli iwe kali, mstari uwe mmoja safi, asitie kivuli, mistari ya majina isipishane, na aandike amekuza mara ngapi. Akisahau kuandika ukuzaji, alama hukatwa. Mdogo wetu mmoja alitueleza haya tukacheka, tukasema yafanana na kujaza fomu za ghala: ukisahau namba moja, bidhaa yarudi.

Tuseme muhula una karatasi kumi za maabara, kila moja alama moja. Mwalimu akipoteza karatasi moja ya Juma, Juma ametoka B kwenda C. Au tuseme hadubini ni moja kwa wanafunzi sita, wawili wakatazama na wanne wakanakili. Alama za karatasi hiyo ni za nani? Twasema kwamba chuo kinachotoza karo ya sayansi hakina budi kuwa na vyombo vya sayansi, na kama havitoshi, watu wagawiwe zamu. Vijana nao wasisingizie. Wako wanaotia majina yao katika karatasi za wenzao huku wako kantini, kisha mtihani wa mwisho ukija wanadai mwalimu ana chuki. Kwa hao hatuna neno la kusema.

Sasa tufike penye kidonda. Kenya nzima yajulikana habari ya alama kupotea vyuoni. Mwanafunzi amefanya jaribio, ametoa karatasi, amekaa mtihani, na kwenye orodha mahali pake pako patupu. Mdogo wa mwenzetu mmoja ulimpata mkasa huu katika chuo tusichokitaja. Somo lilikuwa bayolojia ya mwaka wa pili. Alama za mtihani zilikuwapo, za kazi ya muhula hazikuwapo. Alikwenda idarani akaambiwa amtafute mhadhiri. Mhadhiri alikuwa wa muda, alikwisha kwenda zake. Akapelekwa kwa msajili, naye akamrudisha idarani. Alizunguka hivyo mihula miwili. Kaka yake alilipa nauli na chumba cha mihula miwili kwa sababu ya karatasi ambazo kijana alizitoa kwa mkono wake mwenyewe, lakini hakupewa hata kipande cha kuonyesha kwamba zilipokewa.

Fanyeni hesabu tena. Juma bila ile 24 yake anabaki na 35. Chuo kikimhurumia kitaandika kwamba kazi haijatimia, asubiri. Kikikaza, 35 ni kuanguka. Akirudia mtihani, katika vyuo vingi hata apate 80, huandikwa 40 tu, yaani D ya mwisho. Kijana aliyefanya kazi ya 59 atatembea na D maisha yake, na mwajiri hatauliza sababu. Tena kijana huyo mwenye 24 mkononi, kwa hesabu ya alama tupu, alihitaji 16 tu za mtihani ili apite. Ndiyo maana twasema fungu la 30, ambalo wengi hulidharau, ndilo akiba ya mtoto wa maskini, ambaye siku ya mtihani huenda hakulala vizuri au hakula.

Hapa wanachama wengine watatuuliza: je, sisi ni chama cha wafanyakazi au wapelelezi wa wahadhiri? Mhadhiri naye ni mfanyakazi. Kweli. Twakumbuka mgomo wao wa 2017 ulioanza Januari na kwisha Machi, na ule wa 2025 ulioanza Septemba ukaisha Novemba, yote kwa sababu ya mikataba ya mishahara. Tulikuwa upande wao na tungali upande wao. Mhadhiri wa muda analipwa kwa somo, na mara nyingi hulipwa kwa kuchelewa mno. Wengine hukaa na alama mkononi kwa kuwa ndicho kitu pekee ambacho chuo kitakuja kukitafuta. Twaelewa hasira hiyo vizuri. Lakini dereva wa gari moshi akigoma, huligomea gari likiwa stesheni. Haliachi juu ya daraja la Tsavo lenye abiria ndani. Alama za kijana si mali ya chuo, wala si mali ya mhadhiri. Ni mshahara wa kijana, na sisi twajua maana ya mshahara uliozuiliwa. Wahadhiri wapiganie chao na sisi tutasimama nao, ila alama zitolewe. Mwanachama asiyekubali hili na aandike, nafasi ipo katika toleo lijalo.

Tena sisi watu wa reli tuna haki ya pekee kusema juu ya madaraja. Zama za ukoloni ngazi za mshahara, serikalini na relini, zilikwenda kwa rangi. Tume ya Holmes, mwaka 1948, iliona sawa asiye Mzungu alipwe sehemu tatu kwa tano za mshahara wa Mzungu, hata kazi ikiwa moja. Ni mpaka Tume ya Lidbury mwaka 1954 ndipo iliposhauriwa kwamba ngazi za rangi ziondolewe. Wazee wetu hawakuombea huruma. Waliomba kitu kimoja: kazi ya kila ngazi iandikwe, na anayeifanya apewe ngazi hiyo. Fundi wetu leo akienda kufanya jaribio la ufundi la serikali, daraja la tatu, la pili au la kwanza, huweza kujua mapema atajaribiwa kwa kazi gani. Haitoshi, bado tuna manung'uniko yetu juu ya kupandishwa vyeo, lakini msingi upo. Kwa nini fundi wa kuchomea chuma ajue, na mwanafunzi wa bayolojia asijue?

Basi twataka nini? Siku ya kwanza ya somo kila mwanafunzi apewe karatasi moja: majaribio mangapi, kila moja alama ngapi, maabara alama ngapi, mtihani ngapi, asiyefika kwa ugonjwa afanyeje. Vyuo vingine vyafanya hivyo, na mwalimu anayefanya hivyo hapati hasara yoyote. Anayetoa karatasi ya maabara apewe kipande cha kupokelea, kama sisi tunavyotia sahihi tukipokea mzigo. Alama za kazi ya muhula zitolewe kabla ya mtihani wa mwisho, kwa namba ya mwanafunzi pasipo jina, ili aliyekosewa aseme wakati karatasi bado ziko mezani. Na anayedai kuhesabiwa upya ajibiwe kwa maandishi ndani ya siku zilizotajwa. Akilipa ada ya kuhesabiwa upya na ikaonekana alikuwa na haki, arudishiwe pesa zake.

Wakubwa wa vyuo watasema wanafunzi ni maelfu na makarani ni wachache. Siku hizi gari moja la mizigo kutoka bandarini lina makontena mengi, kila kontena lina namba yake, na likipotea moja watu hawalali mpaka lipatikane. Kazi ya kuhesabu vitu vingi si siri, yataka daftari na mtu anayelipwa kulishika. Kama makarani ni wachache, waajiriwe wengine. Hapo tena chama hakina ubishi.

Kwa upande wetu kuna kazi ya kufanya mara moja. Mwenye kijana chuoni amwambie aweke nakala ya kila karatasi anayoitoa, hata picha ya simu yatosha, yenye tarehe. Amuulize mwalimu mgawanyo wa alama wiki ya kwanza, kwa adabu, mbele ya darasa, asiende peke yake. Na ndugu ambao vijana wao wana alama zilizopotea wazilete karatasi zao ofisi ya tawi Jumamosi baada ya saa nane mchana. Jina la kijana lifunikwe, yabaki somo, mwaka, na tarehe aliyolalamika. Karani wetu atanakili katika daftari, na zikifika za kutosha tutaandika barua moja kwa chama cha wahadhiri na kwa vyuo vinavyohusika, yenye tarehe hizo zote.

Ni sisi wenzenu wa tawi.